Mtoto Aliyekataa Sukari

Jumapili, saa kumi jioni. Hapa Daudi, kijijini kwetu Mbulu, kuna ukungu na manyunyu tangu asubuhi, na mahindi yamelala upande kwa ubaridi. Sikwenda kanisani. Nimerudi mchana huu kutoka Hanang, nimevua viatu vyenye tope, nimekaa jikoni na simu yangu, na nimeamua kuandika kabla sijaanza kujipunguzia makosa.

Najijua. Nikisubiri wiki moja tu nitaanza kusema kwamba wakati ule hatukuwa na vifaa.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi ni nesi mstaafu. Kwa kawaida huandika hapa habari za bustani yangu, magoti yangu na wajukuu. Leo naandika habari za mtoto wa kike wa miezi tisa aliyekufa mikononi mwangu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye zahanati ya shamba la ngano la serikali kule tambarare za Hanang. Majina ya watu nimeyabadilisha. La mtoto siliandiki kabisa, kwa sababu mama yake hakunipa ruhusa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Shamba lilikuwa kubwa hivi kwamba ukisimama mlangoni pa zahanati unaona ngano mpaka macho yanachoka. Kambini tulikuwa na nyumba za bati, karakana ya matrekta na kombaini, duka, na wafanyakazi kutoka kila mkoa. Nje ya ngano walikuwa wafugaji, Wabarbaig, ambao zamani ng'ombe wao walipita palepale kwenda kunywa maji upande wa Basotu. Njia zao zilikuwa zimelimwa. Mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akitembea saa moja kufika tulipo, sasa alilazimika kulizunguka shamba tangu alfajiri.

Hilo nalijua leo. Wakati ule nilichoona ni watu wanaochelewa kuleta watoto.

Mwaka ule, mvua za kwanza ziliponyesha, watoto waliharisha sana. Mganga msaidizi, bosi wangu, alikuwa amekwenda wilayani kufuata dawa, kwa hiyo zahanati ilibaki kwangu. Pakiti za ORS, ule unga wa kurudishia maji mwilini, zilikwisha siku mbili kabla. Tulifundishwa kwamba zikiisha unachanganya mwenyewe: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari. Sukari ilikuwa adimu nchi nzima, watu wanapanga foleni kwa ajili yake, lakini sisi wa shamba tulikuwa na kopo limejaa. Nilijivunia lile kopo. Niliona kama ninagawa kitu cha thamani.

Mama Gidabasha alifika karibu saa nne asubuhi. Namwita hivyo kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa mvulana mkubwa tu, mzima, anayechunga. Mama mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa ngozi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtoto alikuwa mgongoni. Alikuwa anaharisha siku ya pili.

Sasa naandika lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Yule mtoto hakuwa amezidiwa. Alikuwa amechoka, lakini macho yake yalinifuata. Utosi ulikuwa sawa. Nilipomfinya ngozi ya tumbo ilirudi mara moja. Alikuwa ananyonya vizuri, na alinyonya pale pale kwenye benchi mbele yangu. Ningemwambia mama aendelee kumnyonyesha na arudi nyumbani, mtoto angepona.

Lakini nilikuwa na jagi langu la maji ya sukari na chumvi, na nilikuwa na somo langu.

Kijiko cha kwanza mtoto aligeuza uso. Cha pili alifunga midomo. Cha tatu kiliingia kidogo, akatema, akalia kilio cha hasira. Nikacheka. Nikamwambia mama amshike kichwa.

Yeye alizungumza Kidatooga, lugha ya Wabarbaig, mimi Kiiraqw cha kwetu Mbulu, na Kiswahili ndicho kilikuwa katikati yetu. Chake kilikuwa kichache. Akasema, "Nesi, huyu hapana taka tamu. Tamu anatapika. Bibi yake alimpa asali, alitaka kufa."

Nikamjibu, "Mama, hakuna mtoto asiyependa sukari. Hii ni dawa."

"Hapana. Maziwa anataka. Tamu hapana."

"Mshike kichwa," nikasema.

Alimshika. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Alimshika kwa sababu mimi nilikuwa na gauni jeupe.

Kufikia saa sita mtoto alikuwa ametapika mara nne. Tulifundishwa kwamba mtoto akitapika unasubiri dakika kumi, halafu unaendelea taratibu. Nikasubiri, nikaendelea. Akaanza kutoka jasho, jasho jingi, nywele zote zimelowa, na mwili umepoa. Akaanza kutetemeka mikono. Nikafikiri amekosa nguvu. Kwa hiyo nikaongeza sukari kwenye kikombe.

Niliongeza. Kwa mkono wangu huu.

Mama akasimama. Akasema, "Nipe mtoto. Niende nyumbani nimpe maziwa." Nikamchukua mtoto mikononi mwake, nikasimama kati yake na mlango, nikamwambia kwa sauti ya juu, wagonjwa wengine wakisikia, "Ukiondoka naye atakufa, na itakuwa ni juu yako." Akainua mkono kuelekea kwa mtoto, mimi nikamkamata kifundo cha mkono. Akakaa.

Saa nane degedege ilianza. Stoo kulikuwa na chupa tatu za dripu ya glukosi, na ufunguo ninao. Sikuzifuata. Nilijiambia, huyu nimempa sukari tangu asubuhi, glukosi nyingine ya nini? Nilimwekea kitambaa cha maji. Nilimsafisha kinywa. Saa tisa alasiri alikuwa amekufa.

Mama hakulia pale. Alimchukua, akamfunga mgongoni vilevile kama alivyokuja, akaniangalia. Akasema neno moja.

"Nilikuambia."

Akaondoka kuzunguka ngano.

Nilipobaki peke yangu nilifungua rejista. Nikaandika: kuharisha, kuishiwa maji mwilini, utosi umebonyea, amechelewa kuletwa.

Utosi haukuwa umebonyea.

Bosi wangu aliporudi alisoma mstari ule, akanigonga begani, akasema, "Usijisumbue, binti. Umefanya ulivyofundishwa." Nikashukuru. Nililala vizuri wiki ile, na hilo nalo naliandika.

Kuna baya zaidi. Kila Jumatano nilitoa somo la afya kwa akina mama wa kambini, na baadhi ya akina mama wafugaji waliofika kliniki walisikiliza wamesimama pembeni. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na mfano wangu mmoja niupendao. "Kuna mama mmoja wa upande wa Dirma," nilisema, "alikaa na mtoto nyumbani mpaka macho yakaingia ndani, na alipofika akabishana na dawa. Mtoto akafa. Msiwe kama yule mama."

Akina mama walitikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilijiona mwalimu mzuri.

Kutoka boma la Mama Gidabasha hakuletwa tena mtoto. Surua ilipokuja mwaka uliofuata, hawakuja kuchanjwa. Tuliwacheka kwenye kikao. Tulisema ni ukaidi wa mila.

Baadaye nilihamishiwa huku Mbulu, nikaolewa, nikazalisha wanawake mamia kwa mamia, nikastaafu kwa keki na hotuba. Mashamba yale ya serikali nayo yalikuja kufa, kombaini zikaota kutu. Yule mtoto nilimsahau. Siyo kwamba nilimkumbuka kwa siri. Nilimsahau kweli.

Kilichomrudisha ni ini langu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita nilikwenda hospitali kwa ajili ya maumivu ya kidole gumba cha mguu na uzito ubavuni. Daktari, kijana mwenye adabu, alinipiga ultrasaundi akasema, "Mama, ini lako lina mafuta. Na asidi ya yuriki iko juu, ndiyo inauma kidole. Unakunywa pombe?" Nikamwambia mimi ni Mlutheri na pombe sijaonja. Akauliza, "Soda je? Juisi za boksi?" Juisi za boksi nilikunywa kila siku, mbili hata tatu. Nilidhani ni matunda. Nilidhani ni afya.

Akanieleza habari ya sukari ya matunda, fruktosi. Nilisomeshwa zamani, lakini ilipita juu ya kichwa. Nikarudi nyumbani nikasoma kwenye simu, kisha nikaazima kitabu cha tiba cha binti wa jirani anayesoma udaktari. Nilisoma na kalamu mkononi kama mwanafunzi.

Nitaeleza nilivyoelewa. Sukari ya dukani ni vipande viwili vilivyoshikana: glukosi na fruktosi. Utumbo unavitenganisha. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, ubongo, misuli, kila mahali, na mwili una breki za kuipima. Fruktosi kwa sehemu kubwa hupelekwa kwenye ini, na ini huipokea bila breki. Inabandikwa fosfati, chumvichumvi ambayo mwili hutunzia nguvu, haraka haraka, halafu inakatwa vipande, na ikizidi vipande hivyo hugeuzwa kuwa mafuta. Kazi ile ya haraka hula akiba ya nguvu ya ini na kuacha asidi ya yuriki kama majivu. Ndiyo mafuta yangu, ndiyo kidole changu. Tunda zima halina ubaya huo, kwa sababu sukari yake ni kidogo, imefungwa kwenye nyuzinyuzi na inaingia polepole. Boksi la juisi linaingia kama mafuriko.

Nikafungua ukurasa unaofuata, na huko nikamkuta mtoto.

Kilikuwa kifungu kifupi. Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa bila kimeng'enya kinachokata fruktosi baada ya kubandikwa fosfati. Kazi ya kwanza inafanyika, ya pili haifanyiki. Fruktosi yenye fosfati inarundikana ndani ya ini, fosfati ya kufanyia kazi nyingine inakwisha, ini linasimama. Likisimama haliwezi tena kuachia glukosi kwenye damu. Mtoto amelishwa sukari, na sukari ya damu yake inaporomoka. Anatapika, anatoka jasho, anatetemeka, anapata degedege. Tiba yake ya haraka ni dripu ya glukosi.

Chupa tatu, na ufunguo ninao.

Kikaendelea: mtoto wa aina hii akinyonya hana shida yoyote, kwa sababu sukari ya maziwa haina fruktosi ndani yake. Shida huanza anapoonjeshwa asali, matunda au sukari. Na wengi wao, hata wakiwa wadogo sana, hukataa wenyewe kitu chochote kitamu.

Nilifunga kitabu nikaenda nje kusimama kwenye mvua. Binti wa jirani alinikuta pale akafikiri nimepata kiharusi.

Nilimrudia daktari nikamweleza yote, hata habari ya rejista. Akasema, "Mama, bila kipimo siwezi kuapa. Lakini ulivyoeleza inafanana sana." Kisha akauliza, "Yule mama alipata watoto wengine? Ugonjwa huu ni wa kurithi. Baba na mama wanakuwa wazima, lakini kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata."

Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Nikaanza kutafuta. Ilichukua wiki kadhaa, nikipitia kwa watu wa mnada wa ng'ombe, mpaka nikapewa namba ya Gidabasha, ambaye sasa ni mzee wa boma mwenye ng'ombe na simu mbili. Nilimwambia mimi ni nesi wa zamani, nilimfahamu mama yake, naomba kumsalimia. Akasema mama yupo, haoni vizuri lakini ana akili zake zote.

Ijumaa nilishuka mpaka Katesh nikalala kwa ndugu. Kabla ya kwenda Dirma niliingia dukani kununua zawadi. Huku kwetu ukienda kumwona mama mtu mzima unabeba sukari, kila mtu anajua. Mkono wangu ulikuwa umeshashika pakiti. Niliirudisha kama imeniunguza. Nikachukua majani ya chai, chumvi na blanketi.

Jana asubuhi bodaboda ilinifikisha bomani. Mama Gidabasha alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba. Amekuwa mdogo, kama amekatwa nusu. Nikamshika mkono, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akauliza sauti hii ni ya nani.

Kabla sijajibu, mwanamke wa makamo akatoka ndani na kibuyu cha maziwa. Alinipa shikamoo akacheka, na nikaona meno. Yalikuwa na rangi ya kahawia kama ya wengi wetu tuliokunywa maji ya huku yenye floridi, lakini kamili, hakuna tundu hata moja, kwa umri wake. Kitabu kilisema hivyo. Asiyekula sukari kabisa meno hayaozi.

Nitamwita Udahay. Ni binti wa Mama Gidabasha, aliyezaliwa miaka mitatu baada ya yule aliyekufa. Nikamuuliza kama anakunywa chai ya sukari. Akashtuka. "Mimi? Tangu nizaliwe sijameza tamu. Nikiigusa naanguka."

Akanisimulia, akimimina maziwa kutoka kwenye kibuyu. Mama yake alimwona ana miezi sita anageuza uso kwa kidole chenye asali, na siku hiyo hiyo alisimama katikati ya boma akatangaza kwamba atakayempa mtoto huyu kitu kitamu atapigana naye. Aligombana na mama mkwe wake mpaka wakaacha kuongea. Alimlea kwa maziwa, nyama, damu na ugali. Udahay alipofika umri wa shule akapelekwa shule ya bweni. Uji wa asubuhi ulitiwa sukari. Akaumwaga, akachapwa. Akaumwaga tena, akachapwa mbele ya wenzake. Siku ya tano akalazimishwa kuunywa, akalala siku mbili hajitambui. Akatoroka. Hakurudi shule. Hajui kusoma mpaka leo.

Hivyo ndivyo mama asiyejua kusoma alivyofanya kazi ambayo mimi na cheti changu tulishindwa.

Nikamwomba Udahay akae, anitafsirie neno kwa neno. Nikamwambia mama mimi ni nani.

Uso wake haukubadilika. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitarudi kwenye njia. Nikamwambia, "Mama, siku ile ulisema kweli. Ile sukari ndiyo iliyomwua mtoto. Alikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, kama wa Udahay. Na ni mimi niliyempa."

Udahay alikwama katikati ya sentensi. Mama akamgusa goti, naye akamaliza kutafsiri.

Mama Gidabasha akasema kwa Kidatooga, taratibu, na hii ndiyo mara ya kwanza kumsikia akizungumza kwa lugha yake bila kutafuta maneno.

"Anasema alijua siku ileile," Udahay akaniambia. "Anauliza wewe umejua lini."

"Mwaka huu."

Akatikisa kichwa. Akasema maneno marefu. Udahay aliinamisha uso alipoyatafsiri.

"Anasema ya sukari anaweza kuyaacha. Hukujua. Lakini ulimkamata mkono, na mtoto alikuwa wake. Halafu ukaenda kuwaambia watu kwamba alichelewa. Yale maneno yako yalifika hapa. Wanawake waliyaleta kutoka kliniki. Baba yetu alimpiga kwa maneno hayo. Baba alikufa akisema mama ndiye aliyemchelewesha mtoto. Anauliza hayo nayo umekuja kuyachukua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilijiandaa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba somo langu la Jumatano lilitembea mpaka pale na kuingia ndani ya nyumba yake.

Nikamwambia ndiyo, nayachukua. Nikauliza nifanye nini.

Akasema neno moja tu, jina la mwanawe.

Gidabasha aliitwa kutoka zizini. Alifika na fimbo yake, akanipa shikamoo, akakaa mbali kidogo kama wanaume wanavyokaa. Nikamwambia yote kwa Kiswahili, kwake haikuhitajika tafsiri. Nikamwambia mama yake alifika mapema, akizunguka ngano tangu giza. Nikamwambia mtoto alifika akiwa na nguvu. Nikamwambia mama alinionya mara mbili, akaomba kuondoka, na mimi nilimzuia. Nikamwambia niliandika uongo kwenye rejista na nikausema uongo huo kwa miaka miwili mbele ya watu.

Alisikiliza akiangalia ardhi. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mama hakuchelewa?"

"Hakuchelewa."

"Miaka yote hii?"

"Hakuchelewa hata siku moja."

Alisimama. Nilifikiri anakuja kunipiga, na nafikiri ningekaa tu. Alikwenda mpaka kwenye lango la zizi akaegemea, ametupa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Mama yake alikuwa ameinua uso kuelekea upande ule, akimtafuta kwa masikio. Baada ya muda mrefu Gidabasha alirudi, akachuchumaa mbele ya kigoda, akaweka kichwa chake chenye mvi kwenye magoti ya mama. Mama akaweka mkono juu ya kichwa kile na kutazama mbele.

Mimi na Udahay tuliangalia pengine.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia Udahay barua ya kubeba siku zote: asipewe sukari, asali, matunda, wala dawa za maji zenye sukari, akizidiwa apewe glukosi peke yake. Alinitaka nimsomee mara mbili. Tumekubaliana Alhamisi nimsindikize hospitali kwa yule daktari kijana, afunguliwe faili, na watoto wake wawili waandikwe humo pia.

Mama Gidabasha hakusema amenisamehe. Nisingependa msomaji afikiri alisema. Alipokea blanketi, majani ya chai na chumvi. Nilipomshika mkono kumuaga hakuuachia. Akauliza swali, na Udahay akasita kabla ya kulitafsiri.

"Anauliza wengine walikuwa wangapi."

Nikajibu haraka, nesi kabisa. Nikasema ugonjwa huu ni nadra mno, huenda sikukutana na mwingine maisha yangu yote. Nikasema pia, na nasema tena hapa kwa akina mama mnaonisoma, kwamba ORS imeokoa watoto wengi mno na ile ya pakiti ina glukosi, msije mkaiogopa kwa sababu yangu. Udahay akatafsiri yote hayo.

Mama akatikisa kichwa, kwamba sijaelewa. Akarudia.

"Haulizi watoto wenye ugonjwa," Udahay akasema. "Anauliza akina mama. Wangapi walikuambia kitu, ukawaambia washike kichwa."

Akaniachia mkono.

Njia nzima kutoka Katesh nimekuwa nikizihesabu sura. Yule wa mapacha aliyesema wa pili hageuki tumboni. Yule wa Dongobesh aliyesema sindano ile inamvimbisha. Binti mmoja, sijui jina, aliyesema tu, "Nesi, leo sijisikii vizuri kama jana," nikamwambia aache kudeka. Wawili kati ya hao najua walikoishia. Wa tatu sijui, na yeye ndiye ninayemwona zaidi.

Nilifanya kazi ile miaka thelathini na minne.

Kesho nitaanza kuwaandika kwenye daftari, wale ninaowakumbuka, kijiji kwa kijiji. Nitawatafuta walio hai. Sijui nitawaambia nini nikifika. Na wale nisiowakumbuka, waliosema mara moja wakanyamaza kwa sababu nilikuwa nimevaa nyeupe, nitawapata wapi?